Nyoka wa mahindi mzee uliyemchukua kwa mwingine: dalili, vyanzo vyake na pa kuanzia

Alinifikia ndani ya foronya iliyofungwa fundo, na maelezo yake yalikuwa sentensi moja: jike, ana miaka 14 hivi, anakula bila shida. Wiki tano zilizofuata hakugusa panya hata mmoja. Kila niliyemweleza alinijibu neno lile lile: uzee. Nusura niamini. Kilichokuwa kikimzuia kula, kama nitakavyoeleza hapo chini, hakikuwa uzee hata kidogo, na tangu hapo silipokei neno hilo kama jibu la dalili yoyote mpaka mengine yote yawe yameshaangaliwa.

Nyoka wa mahindi, ambaye wataalamu humwita Pantherophis guttatus, ana asili ya kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, humkamata panya na kumbana kwa kumviringishia mwili. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, na wapo wanaovuka hapo. Kwa hiyo mwenye miaka 9 au 10 amekomaa tu, si mzee. Aliyekaribia 15 ndiye mzee, na uzee wake una alama zake: hujivua gamba mara chache, humeng'enya polepole, hana hamu kubwa ya kupanda juu, na misuli ya mgongo hupungua kidogo. Uzee hauleti mapovu mdomoni. Hauleti kutapika. Haumkondeshi nyoka ndani ya mwezi mmoja. Ukiyaona hayo ujue kuna jambo jingine, na mara nyingi ni jambo lenye dawa.

Mizani, kipimajoto na daftari

Shida ya nyoka wa kurithi ni kwamba historia yake huijui, na yeye hawezi kukusimulia. Itakubidi uiandike upya kuanzia siku ya kwanza.

Pata mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mtie nyoka kwenye kasha lenye mfuniko, toa uzito wa kasha, andika kinachobaki. Fanya hivyo siku ile ile kila wiki, kabla ya mlo. Gramu chache kupanda na kushuka si kitu, maana panya tumboni na haja aliyokwisha kutoa hubadilisha hesabu. Lakini akipungua asilimia 10 ya uzito wake bila sababu unayoijua, usisubiri dalili nyingine. Hiyo yenyewe ni dalili.

Kipimajoto kiwekwe pale tumbo lake linapolala, si kwenye kioo cha juu. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analiazima kutoka sakafuni. Upande wa joto juu ya matandiko uwe nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, upande wa baridi nyuzi 22 hadi 25 hivi, na unyevu wa hewa asilimia 40 hadi 60. Mkeka wa joto lazima uunganishwe na thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe. Mkeka usio na thamostati unaweza kumuunguza tumbo, na nyoka haondoki upesi juu ya kinachomuunguza kama ambavyo wewe ungeondoka. Nimeliona tumbo la namna hiyo: magamba mapana ya chini yamegeuka rangi ya chai, mawili yameinuka kwa malengelenge, na mwenyewe amejilaza papo hapo kana kwamba hakuna kitu.

Daftari ni la tarehe ya mlo, ukubwa wa panya, siku ya haja, siku ya gamba na uzito. Basi. Mistari mitano kwa wiki itamsaidia daktari kuliko nusu saa ya kukumbuka-kumbuka.

Kama una nyoka wengine nyumbani, mgeni akae chumba tofauti kwa miezi miwili hadi mitatu, awe na koleo lake la kulishia na bakuli lake, na umhudumie wa mwisho. Katika kipindi hicho mtandikie karatasi nyeupe tupu. Haipendezi, lakini kila tone na kila doa utaliona.

Hataki kula

Hili ndilo linalowatia watu hofu kuliko yote, na ndilo ambalo mara nyingi si ugonjwa. Lifuate kwa mpangilio, usirukie mwisho.

Kwanza, ana siku ngapi kwako? Nyoka aliyehamishwa aachwe siku 7 hadi 10 bila kushikwa wala kuletewa panya. Maji safi, maficho, kimya. Mzee aliyekaa kizimba kimoja kwa miaka kumi amepoteza kila harufu aliyoizoea, na kwa nyoka harufu ndiyo ramani ya nyumba: ulimi ule wa panda unaokusanya chembe za hewa na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho kaakaani ndio unaomwambia yuko wapi. Hapo ndipo nilipomkosea wangu. Aliletwa pamoja na ganda la mti alilokuwa akijificha chini yake, limechakaa, limepauka, lina madoa. Niliona ni uchafu nikalitupa kwenye kibanda cha nje, nikamnunulia maficho mapya ya plastiki. Katika wiki ya sita nikalirudisha ganda lile, nimelifuta tu kwa maji ya moto. Aliingia chini yake usiku huo, na siku ya tatu akala. Ukimchukua nyoka, omba apewe na kitu chake kimoja cha zamani, hata kama ni kibaya machoni pako.

Pili, maficho yako mangapi na yanambana kiasi gani? Anahitaji angalau mawili, moja kila upande, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Yawe madogo kiasi cha mwili wake kugusa kuta anapojikunja.

Tatu, joto. Likiwa chini ya kiwango nilichotaja, tumbo linasuasua na hamu ya kula inakufa nalo. Pima wewe mwenyewe. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kifaa.

Nne, yuko karibu kujivua? Rangi ikififia na macho yakiwa na ukungu wa buluu, wengi hawali kabisa mpaka gamba litoke. Mpe siku mbili tatu baada ya hapo ndipo ujaribu tena.

Tano, ni dume, na ni majira ya kuchipua? Madume waliokomaa hususia chakula kwa wiki nyingi wakati wa kutafuta majike, hata kama hawajawahi kuona jike. Huzungukazunguka kizimbani usiku kucha. Uzito usiposhuka sana, muache.

Sita, panya mwenyewe. Muulize aliyekupa nyoka swali hili kabla hajaondoka: alikuwa akimpa panya wa aina gani, mkubwa kiasi gani, wa kugandishwa au hai, kwa koleo au wa kuachwa kizimbani? Panya wa kugandishwa ayeyushwe hadi ndani, kisha apashwe kwa maji ya moto kiasi akiwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka akaribie joto la panya aliye hai. Usimpashe kwenye maikrowevu. Hupasuka, na sehemu nyingine huiva huku nyingine zikiwa bado baridi. Mwache jioni taa zikiwa zimezimwa, mlangoni mwa maficho, kisha ondoka. Kumsimamia ni kumzuia. Sikushauri panya hai: panya aliyekosa pa kukimbilia huuma, na nyoka mzee ambaye shabaha yake imepungua ndiye hupata majeraha ya uso.

Ukimaliza hayo sita na bado hali, tazama uzito. Nyoka mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula akapoteza gramu chache tu. Lakini akikonda, au hali huku mdomo ukiwa na wekundu au umevimba upande mmoja, mpeleke kwa daktari. Ugonjwa wa kuoza ufizi huanza na vidoa vyekundu, kisha usaha mgumu kama jibini. Fursa nzuri ya kuangalia mdomo bila kumlazimisha ni mara tu anapomaliza kumeza: hupiga miayo mikubwa kurudisha mataya mahali pake. Uwe na tochi tayari.

Na usimlishe kwa nguvu. Kumsukumia chakula kooni mnyama ambaye hujui kwa nini anakataa ni kumuongezea ugonjwa, na kwa mzee ni hatari zaidi.

Anarudisha alichokula

Ukikuta panya amelala kizimbani, amelainika na ananuka, siku moja hadi tano baada ya kuliwa, jiulize ulifanya nini tangu mlo. Ulimshika kabla ya saa 48? Umeme ulikatika usiku, joto likashuka? Panya alikuwa mnene kupita sehemu nene kuliko zote ya mwili wake? Kwa nyoka mzee mimi hupendelea panya wadogo wawili kuliko mkubwa mmoja, na mlo kila baada ya siku 14 hadi 21.

Kosa la kawaida hapa ni huruma: mtu anaona nyoka ana njaa, anampa mwingine kesho yake. Usifanye hivyo. Asidi iliyopanda imeunguza koo, na tumbo limepoteza maji na bakteria wake wazuri. Maji yawepo, lakini chakula kisubiri siku 10 hadi 14, na mlo wa kwanza baada ya hapo uwe nusu ya kawaida. Akiuhifadhi, rudi kwenye kipimo cha kawaida taratibu.

Akirudisha mara ya pili, acha kukisia. Nyoka wanaotoka mikononi mwa watu mbalimbali hubeba vimelea, na mmoja kati yao ni wa kuogopwa: kriptosporidiamu. Hukaa kwenye ukuta wa tumbo na kuunenepesha, kwa hiyo nyoka hutapika mara kwa mara, hukonda, na katikati ya mwili huwa na uvimbe mgumu ambao hauondoki hata akiwa hajala. Dawa ya uhakika ya kuumaliza hakuna, na dawa nyingi za kusafishia vizimba, hata klorini, haziwezi mayai yake. Mvuke wa moto na amonia ndivyo vyenye nguvu. Kipimo hufanywa kwenye kinyesi, kwenye alichotapika, au kwenye maji ya kuosha tumbo. Kwa kuwa vimelea havitoki kila siku, jibu moja la kutokuwepo halitoshi, huwa kinarudiwa. Hii ndiyo sababu halisi ya karantini, ule utaratibu wa kumtenga mgeni niliouitaja mwanzo. Wengi huona ni usumbufu, mpaka siku ugonjwa huu unapopita kwenye koleo moja kwenda vizimba vyote.

Gamba limetoka vipande vipande

Gamba zuri hutoka zima, limepinduliwa kama soksi, kuanzia pua hadi ncha ya mkia, na vigamba viwili vya macho vikiwemo. Likitoka vipande, chanzo cha kwanza ni unyevu mdogo. Cha pili ni kukosa kitu kikavu cha kujikwaruzia. Kwa mzee kuna cha tatu: nguvu. Nyoka aliyepungua misuli, au mwenye uti wa mgongo unaouma, hawezi kujisugua mpaka mwisho.

Macho yakianza kuwa na ukungu, weka kasha dogo lenye mlango, ndani yake makumbi yaliyosagwa au karatasi laini iliyokamuliwa maji. Huingia mwenyewe. Gamba likikwama, mtie ndani ya foronya yenye taulo lililolowa maji ya vuguvugu kwa dakika 20 hadi 30, ukiwa karibu, kisha mpitishe taratibu katikati ya viganja vyako. Kinachotaka kutoka kitatoka. Kisichotaka, usikivute.

Sehemu mbili zikaguliwe kila mara. Ncha ya mkia, kwa sababu pete la gamba kuukuu hukauka na kukaza, damu haipiti, na ncha hufa ikawa nyeusi. Na macho. Nyoka hana kope. Jicho limefunikwa na kigamba kimoja angavu ambacho hubadilishwa kila anapojivua. Nilipomkagua wangu chini ya taa baada ya gamba la kwanza kutoka, jicho la kulia lilikuwa jeusi linalong'aa, la kushoto lina mikunjo midogo pembeni kama plastiki iliyosinyaa juu ya bakuli. Daktari alilainisha kwa matone, akasubiri, akatoa kigamba. Chini yake kikawemo kingine. Viwili, kimoja juu ya kingine. Huko alikotoka hakuna aliyeligeuza gamba lake na kuhesabu macho.

Usijaribu kulitoa hilo kwa kibano nyumbani. Ukichomoa kigamba kilicho hai badala ya kile kilichokufa, jicho limekwisha. Kama ni kimoja tu na nyoka hana shida, kuongeza unyevu na kusubiri gamba linalofuata mara nyingi hutosha. Macho mawili yenye ukungu ni kujivua. Jicho moja lenye ukungu, au lililovimba, ni la daktari.

Anapumua kwa sauti

Mtofautishe kwanza na mwenye gamba linaloanza kuachia: ngozi ikilegea puani hutoa mluzi mwembamba unaoisha gamba likitoka. Ule wa ugonjwa hauishi. Husikika kama kutatarika kidogo, huja na mapovu au makamasi mdomoni, na nyoka hukaa ameinua kichwa juu, kidevu kimeegemea ukuta. Anainua kwa sababu hawezi kukohoa. Hana kiwambo cha misuli chini ya kifua cha kusukumia hewa kama chetu, na pafu linalofanya kazi kwake ni moja, la kulia. Makohozi yakijaa hubaki humo.

Chanzo cha karibu huwa baridi, unyevu uliozidi kwenye kizimba kisichopitisha hewa, au vumbi la maranda. Hakikisha upande wa joto umefika nyuzi 30 hadi 32 mchana na usiku, badilisha matandiko uweke karatasi, na upange miadi siku hiyo hiyo. Joto humsaidia kupigana, haliui bakteria. Maranda ya mwerezi na msonobari yasitumike kabisa, yana mafuta yanayochoma njia ya hewa. Ya mti wa aspeni yanafaa.

Analala ndani ya bakuli la maji mchana kutwa

Mara moja moja, hasa karibu na kujivua, ni kawaida. Siku tatu mfululizo, pima joto: huenda kizimba kizima ni cha moto na maji ndiyo pekee yenye ubaridi. Joto likiwa sawa, mwaga maji kwenye sahani nyeupe uangalie chini. Vidoa vyeusi vidogo kama punje za baruti vilivyozama ni utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis. Huishi kwa kunyonya damu, hujibana pembeni mwa macho na kwenye mfereji chini ya kidevu, na kinyesi chake huacha vumbi jeupe juu ya magamba. Pitisha karatasi nyeupe yenye unyevu mwilini mwa nyoka, ukiwepo utauona.

Kumtibu nyoka peke yake ni kazi ya bure, maana utitiri hutagia kwenye nyufa za kizimba, si mwilini. Tupa matandiko yote, tupa au chemsha mapambo ya mbao, osha kona zote kwa maji yanayochemka, weka karatasi, na ufuate dawa ya daktari kwa wiki kadhaa mfululizo ili wanaoanguliwa baadaye nao wakutwe. Dawa za kupe za mbwa na paka usizitumie kwa kubahatisha kipimo. Nyoka hufa kwa sumu ya dawa hizo akitetemeka. (Ndiyo, kwa sababu hii ganda langu la mti nilipaswa kulichemsha, si kulifuta tu. Lilikuwa safi, lakini sikulijua hilo wakati ule.)

Mnene, mwembamba, au ana uvimbe

Mwili wenye afya ukiukata kwa mawazo ni kama mkate wa mviringo wenye chini bapa. Ukiwa na umbo la paa la nyumba, mgongo umechongoka, amekonda. Ukiona ngozi kati ya magamba hata amenyooka, na mafuta yametuna karibu na mkia kama nyonga, amenenepa, na hilo kwa nyoka waliorithiwa ni la kawaida kuliko kukonda: wenyewe walimlisha kila wiki kama mtoto kwa miaka kumi. Mafuta hayo hujaza ini. Punguza taratibu: panya mdogo zaidi, kila wiki tatu, na nafasi ya kutembea. Usimfungie chakula ghafla.

Kwa uvimbe, gawa mwili mafungu matatu. Theluthi ya kwanza ina moyo, na uvimbe unaodunda humo unahitaji daktari wa kuusikiliza. Ya katikati ina ini na tumbo. Nimekwisha kueleza la kuogopa hapo. Ya mwisho ina utumbo, figo na mayai. Mpitishe nyoka polepole juu ya vidole vyako, tumbo chini, akienda mwenyewe. Vidole vikae tuli, yeye ndiye asogee. Haja iliyokauka hubonyea. Mayai hupangana kama shanga. Figo iliyovimba au saratani ni ngumu, haisogei, na wiki ijayo iko pale pale. Nyoka wa mahindi wakizeeka hupata saratani, na iliyoonekana mapema mara nyingine hukatwa ikaisha. Picha ya eksirei au altrasaundi huamua.

Jike anaweza kutaga bila dume, mayai yasiyo na uhai. Akihangaika, anachimba, amevimba nyuma, na amejivua karibuni, mpe kasha lenye makumbi yenye unyevu. Akitaga machache kisha akasimama kwa siku mbili huku mengine yakihisika ndani, usimkamue. Yai likipasukia ndani ni msiba, na kwa jike mzee misuli ya kusukuma ndiyo hasa iliyochoka.

Haja haitoki

Hesabu kwa milo, si kwa siku. Milo mitatu bila haja, mwogeshe kwenye maji ya vuguvugu yanayofika nusu ya unene wake, dakika 20, ukimtazama. Mara nyingi hutoka humo humo. Ule weupe unaofanana na chokaa ni mkojo wake. Ukiwa mgumu kama jiwe na wa manjano, anakosa maji, na kwa mzee figo zake zikaguliwe kwa kipimo cha damu.

Mwili umekakamaa, au kichwa kinaangalia juu

Nyoka mzima ukimshika hujikunja popote kama kamba. Sehemu isiyokunjika, iliyo na vifundo mgongoni, ina mifupa iliyoanza kuungana. Wakati mwingine ni maumbile ya umri, wakati mwingine ni maambukizi ya bakteria kwenye uti, na pia jongo huweza kuvimbisha. Eksirei itaonyesha. Hata kama hakuna dawa ya kurudisha mifupa ilivyokuwa, ya maumivu ipo. Nyumbani shusha matawi, maana mzee akianguka kutoka juu huumia. Panua milango ya maficho, weka bakuli lenye ukingo mfupi, na mpe panya wadogo asiohitaji kupigana nao.

Kichwa kinachopinda nyuma kuangalia juu, au nyoka anayeshindwa kujigeuza akilazwa chali, ni jambo la mishipa ya fahamu. Upo ukoo mmoja wa nyoka wa mahindi wa kufugwa, wanaoitwa Sunkissed, ambao baadhi huzaliwa na kasoro hiyo, lakini hao huonyesha tangu wanapoanguliwa. Ikianza uzeeni, fikiria joto kali, dawa ya wadudu iliyopulizwa chumbani, kuanguka au maambukizi. Fungua madirisha, zima joto lililozidi, na uondoke naye kwenda kwa daktari.

Yasiyosubiri kesho

Nyama nyekundu imetokeza kwenye tundu la haja: ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya dawa au maji yenye sukari, usiiache ikauke, usiirudishe kwa kidole. Kupumua mdomo wazi. Tumbo jekundu lote au malengelenge. Kuungua. Kutetemeka. Damu kwenye haja.

Mchukue ndani ya foronya iliyofungwa, foronya ndani ya kasha gumu lenye matundu, na chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringwa taulo upande mmoja tu ili aweze kuikimbia. Tafuta daktari anayetibu reptilia. Piga simu kwanza uulize, kwa kuwa wengi hawatibu. Chukua daftari, haja ya karibuni ndani ya kichupa, na alichotapika kama kipo, vikiwa baridi. Osha mikono kwa sabuni kila ulipomgusa au kugusa maji yake, maana hata nyoka mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, na vyombo vyake visioshewe kwenye sinki la chakula. Watoto walio chini ya miaka 5 wakae mbali naye.

Daktari akikuambia ni uzee kabla hajampima uzito, hajamfungua mdomo na hajampapasa kuanzia shingoni hadi mkiani, mwombe kwa adabu aanze na hayo.